Muulize Mama Afande: Tiki moja siku nne

Mama Afande ni sajinitaji mstaafu wa JWTZ, jeshi la Tanzania, mtu wa mawasiliano. Mwaka 1994 mumewe alikwenda Liberia akamwacha kota za Lugalo na watoto. Miaka ikapita, yeye akapangiwa Darfur, zamu ya kuchemsha uji ikawa ya mzee. Anajibu barua za wasomaji.

Shikamoo Mama Afande. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Gongo la Mboto. Mume wangu ni koplo, yuko na kikosi chetu Berberati, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno mengi, huko kila meseji ni "niko salama, wasalimie watoto", basi. Mwezi uliopita nimeona tiki moja siku nne mfululizo. Nililia mpaka mkubwa akaniuliza kama baba amekufa. Siku ya tano akaja hewani, cha kwanza ananiuliza kama fundi amemaliza bomba la bafuni! Mama, ni mtandao au nina mwenzangu huko? Na kwani wanafanya nini kutwa nzima asipate hata dakika tano? — Mama Wawili

Marahaba mwanangu. Pole, na huyo mkubwa nitamfikia.

Nianze na saa, maana nusu ya ugomvi wa simu ni saa tu. Berberati iko nyuma yetu kwa saa mbili. Wewe unampigia saa 3 usiku, watoto wamelala, umejinyoosha kitandani. Kwake ni saa 1 jioni: watu wako foleni, majina yanaitwa, zamu za lindo zinagawiwa, simu iko hangani wanakolala, kwenye chaji. Akija kuishika saa 4 yake, kwako ni saa 6 usiku na unakoroma. Asubuhi kila mmoja anaamka amenuna. Jaribuni saa 12 jioni ya Dar. Kwake ni saa 10, aliyekuwa doria ya kutwa ameshaanza kurudi na foleni ya jioni bado.

Kutwa anafanya nini? Kazi nyingi zisizo na hadithi. Kuamka giza, mazoezi kabla jua halijawaka, usafi wa eneo, foleni, chai. Baada ya hapo watu wanatawanyika: hawa doria, hawa getini na kwenye minara ya lindo, hawa kusindikiza msafara, hawa karakana. Asiye na doria ana silaha ya kusafisha, gari la kuosha, magunia ya mchanga ya kujaza na kombati za kufua ambazo tope lake halitoki kwa maji ya kwanza. Lindo ndilo linalokula watu. Unasimama saa mbili, unapumzika nne, unarudi tena, na katika hizo nne ndimo ule, uoge, ulale na umpigie mke. Nimeona mtu anatoka lindo saa 8 usiku, anavua buti moja, usingizi unamchukua la pili likiwa mguuni. Asubuhi anasema alikuwa anajiandaa.

Hizo siku nne zako, mimi kwa uzoefu wangu nasoma doria ndefu. Kule magharibi mwa nchi ile ni jirani na Cameroon, misitu, mvua ya zaidi ya nusu mwaka, barabara za udongo mwekundu. Gari moja likizama, msafara mzima umesimama: watu wanashuka, wengine wanaweka ulinzi, wengine wanachimba na kufunga waya wa kuvutia, na saa za kutembea zinaishia hapo. Usiku wanajenga kambi ya muda pembeni ya kijiji ambacho mnara wa simu hakina. Kinachofanya kazi ni redio, na redio si ya salamu za nyumbani.

Nimekaa kwenye hiyo redio, kwa hiyo nikusimulie kidogo. Usiku mtu wa mawasiliano anaita kituo kimoja kimoja kwa saa iliyopangwa. Kituo kinajibu, hali ni kawaida. Unaandika kwenye daftari, saa na jibu, unaita kinachofuata. Hakuna anayeongeza "mbu wamezidi" wala "nimeota mama". Kuna sauti unazifahamu, unajua huyu ana mafua, huyu amechoka, huyu ana jambo, lakini kwenye daftari unaandika kawaida. Mume wako anaishi ndani ya lugha hiyo mchana na usiku, na ikifika zamu yako anakujibu kama anavyojibu kituo. Si kwamba umepungua thamani. Hajavua kombati mdomoni.

Utauliza, kwa nini asiniage tu kwamba kesho tunatoka? Kwa sababu haruhusiwi. Wewe sikushuku. Namshuku wifi yako, ambaye utamwambia kwa nia njema ili aombe dua, naye ataweka kwenye kundi la ukoo lenye watu mia na nusu yao hamjuani. Njia ya msafara na saa yake ndivyo vitu ambavyo mwenye nia mbaya anavitafuta. Kubalianeni hivi: akijua atapotea, aseme "nitakuwa kimya kidogo", bila sababu, bila mahali, bila siku. Na wewe usiulize.

Sasa la mwenzako. Sitakuambia hayapo. Juni 2023 Umoja wa Mataifa ulitangaza kukirudisha nyumbani kikosi cha askari wetu 60 waliokuwa magharibi mwa nchi hiyo hiyo, kwa tuhuma za unyanyasaji wa kingono dhidi ya wenyeji. Jambo la aibu, na waliotuma watu wao kwa heshima liliwauma. Lakini mwanangu, fikiri kama mpelelezi, usifikiri kama mke. Anayetoroka kwenda mjini ana mtandao wa mjini. Mwenye mambo yake huwa hewani muda wote, anajibu upesi, anakutumia na maua. Siku nne za tiki moja halafu swali la bomba? Huyo ametoka porini, ameoga, na kitu cha kwanza kilichomrudia kichwani ni nyumba yake inayovuja. Mjibu kuhusu bomba. Mwambie fundi alidai hela ya pili, mwambie ulivyomkaripia. Hilo ndilo eneo la dunia ambalo bado anaweza kulitolea uamuzi.

Na usimwandikie "umekula?" Kila askari anaulizwa umekula. Mimi nikiwa Darfur niliwaambia wanangu wasiongee nami kabisa. Waweke simu mezani, spika wazi, wale chakula chao. Nikawa nasikia vijiko, baba yao anasema punguzeni taa, kisha ugomvi wa firigisi: mdogo anadai aliahidiwa, mkubwa ameshaitia mdomoni. Nilikaa nyuma ya kontena la jenereta nimebana simu sikioni, nacheka peke yangu hadi hela ikakata. Siku hizi kuna sauti za kurekodi, hata bando halihitajiki kwa saa ileile. Anaipakua akipata mtandao, anaisikiliza akiwa amelala chini ya chandarua. Mrekodie mtoto akisoma kitabu cha shule vibaya. Usimsahihishe kwanza.

Huyo mkubwa sasa. Mweleze ukweli unaolingana na umri wake: baba ana kazi mahali ambapo simu mara nyingine haishiki, na kimya si habari. Habari mbaya za jeshi haziji kwa tiki. Huja na watu, kwa miguu yao, wenye vyeo na majina, wanabisha hodi na wanakaa chini kwanza. Kota za Lugalo tulijua hilo vizuri mno; gari la ofisi likiingia saa isiyo ya kazi, wanawake wote walikuwa wanasimama na nguo mkononi mpaka wajue limeelekea mlango gani. Mara nyingi lilikuwa limemleta mtu aliyesahau funguo.

Mama Afande, mama mkwe ameona mtandaoni kuwa askari wa Umoja wa Mataifa ana dola 1,400 na kitu kwa mwezi. Ananiuliza nazificha wapi. Sina hata hamu ya kwenda kumsalimia. — Mkazamwana, Kitunda

Nenda ukamsalimie, beba na sukari, kisha mweleze taratibu. Hiyo ni fedha ambayo Umoja wa Mataifa huirudishia serikali kwa kila askari iliyemtoa. Kuanzia Julai 2018 ilikuwa dola 1,428 kwa mwezi, baadaye ikaongezwa kidogo. Inakwenda serikalini, na serikali inamlipa askari wake mshahara na posho kwa utaratibu wake yenyewe. Kinachotoka kwa Umoja wa Mataifa mpaka kwenye kiganja cha askari ni posho ya siku ya dola 1.28, na nyongeza ndogo ya siku za mapumziko. Kwa dola 1.28 hata msingi wa choo Chanika hauchimbi.

Lakini usimwambie hakuna kitu kabisa, maana anajua kipo, na ukikataa chote atakuona mwongo. Huyo mwanawe ndiye ampigie, amtajie kwa kinywa chake anachomtumia yeye na anachokuachia wewe. Hesabu za mtoto na mama yake zisipite mdomoni mwako.

Shikamoo dada. Mwanangu ni polisi jeshi, yuko Lebanon. Taarifa ya habari ikianza tu presha inapanda. Juzi mpwa wangu ametuma kwenye kundi la familia picha ya miili, ameandika "askari wetu Lebanon, inasikitisha". Nilianguka jikoni. Mwanangu alipopiga jioni alikuwa anakula. Nifanye nini? — Mama wa Mbagala

Marahaba mdogo wangu. Kwanza huyo mpwa atolewe kwenye kundi. Si kwa ubaya, atolewe tu, arudi akiwa na adabu.

Polisi jeshi wetu wapo Naqoura, kusini kabisa mwa Lebanon, ufukweni, karibu na mpaka wa Israel, ndipo yalipo makao makuu ya UNIFIL, kikosi cha walinda amani wa Umoja wa Mataifa huko. Ukisikia Beirut imepigwa, kutoka hapo hadi Naqoura kwa barabara ni zaidi ya kilomita 100, kama wewe uko Mbagala na mlipuko uko Chalinze. Kwa hiyo jina "Lebanon" peke yake lisikuangushe. Lakini sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: Oktoba 2024 mnara wa ulinzi wa makao hayo hayo ulipigwa kombora la kifaru cha Israel, na walinda amani wawili wa Indonesia waliumia. Hatari ipo. Ndiyo maana kuna mahandaki, na king'ora kikilia watu wote wanashuka humo na kukaa mpaka waruhusiwe. Handakini simu haishiki. Ukimkosa saa kadhaa siku ambayo hali imechafuka, ujue uwezekano mkubwa ni kwamba yuko mahali anapotakiwa kuwa.

Kuhusu picha. Tulipopoteza vijana 7 Darfur, Julai 13, 2013, na tulipopoteza wasiopungua 14 katika shambulio la Semuliki kule Kongo, Desemba 7, 2017, habari hazikufichwa. Umoja wa Mataifa ulisema, jeshi letu likasema, miili ikaletwa Dar na ikaagwa hadharani. Msiba wa askari wa Tanzania hauwi siri ambayo anaijua mpwa peke yake. Picha isiyo na tarehe, isiyo na kikosi, isiyo na aliyeitoa, ifute usiikuze kwa vidole kutafuta sura ya mwanao. Nakujua, umeikuza.

Na jingine la kukupa pumzi: Agosti 2025 Baraza la Usalama liliamua kikosi hicho kimalize kazi Desemba 31, 2026, kisha kiondoke ndani ya mwaka mmoja. Dawa za presha umeze kila siku kama ulivyoandikiwa, si siku za taarifa ya habari tu.

Jambo afande. Niko misheni, sitaji wapi. Mke wangu anataka video kila jioni na nimzungushie simu aone chumba chote. Nikikataa ananuna. Halafu kuna tukio lilitokea huku [mstari umefutwa] nami nilikuwepo. Nimemwambia kuko shwari. Tatizo usingizi umenikimbia, na likizo iko karibu, atajua. Nimwambie? — Koplo

Jambo Koplo. Huo mstari nimeufuta mimi, si mhariri. Ulikuwa na tarehe, jina la kijiji na idadi ya magari. Hujataja nchi, lakini ulichoandika kinatosha kwa mwenye ramani. Uliponiandikia ulikuwa umechoka, nimekuelewa, na picha ulizoambatanisha nimezifuta pia.

Video ni rahisi. Tafuta ukuta mmoja mtupu mahali panaporuhusiwa, piga hapo kila siku. Zima ile huduma ya mahali kwenye simu. Mwambie mkeo: utaniona mimi, sahani yangu na huu ukuta, basi, na anayeniamuru hivyo ananuna kuliko wewe. Akitaka kuhakikisha uko peke yako, mwache aongee na wenzako wanaopita. Kambini utapita na watu thelathini kabla hujamaliza kusema habari za jioni.

Hili la pili si rahisi. Usimsimulie kwa simu. Simu si mahali pake, kikazi na kiutu: utakata, yeye atabaki sebuleni na maneno yako hadi asubuhi, na wewe hutakuwepo kuona uso wake. Ila acha kusema "shwari". Anayekupenda anasikia sauti. Sema hivi: "Wiki hii ilikuwa ngumu. Mwili wangu mzima, sijaumia. Siwezi kueleza hapa, nikija tutakaa." Ataogopa, lakini ataogopa kitu kimoja chenye mipaka badala ya kila kitu.

Wangu aliporudi kutoka Liberia alikuwa analala sebuleni, miguu kuelekea mlangoni. Mama yake akadhani tumegombana, akaitisha kikao na wazee. Mzee wa watu alikaa kwenye kikao hicho amekunja mikono, anasikiliza anasuluhishwa na mke ambaye hakuwa na ugomvi naye. Hakutaka tu watoto wasikie anavyopiga kelele usiku. Angeniambia sentensi moja, kikao kisingekuwepo na mbuzi wa watu angeendelea kuishi.

Na usingizi, Koplo, si wa kusubiri likizo. Nenda zahanati ya kikosi kesho asubuhi, useme wazi: silali tangu siku fulani. Misheni zina washauri wa mambo haya, na kuwaona si kosa la kuandikwa. Wapo watakaokucheka hangani. Hao nao waulize kama wao wanalala.

Naweza kumtumia kaka yangu dagaa wa Kigoma? Kuna mwenzake anarudi huko kutoka likizo. — Mdogo mtu, Temeke

Unaweza, ukitaka kaka yako ahamishwe hanga. Mwenzake ana begi lenye kilo zake na watu kumi wenye maombi kama lako. Mpe majani ya chai, pilipili ya unga, korosho, na picha za watoto zilizochapishwa kwenye karatasi, si za simu. Funga vizuri, andika jina kwa wino usiofutika. Vimiminika acha, na unga wowote mweupe usiutie kwenye mfuko usio na maandishi, usije ukamsimamishia mwenzako safari uwanja wa ndege akieleza kuwa ni wa muhogo.

Dada Afande, nimempata mchumba mtandaoni, ni daktari wa jeshi la Marekani yuko misheni ya Umoja wa Mataifa. Anataka kuja Dar kutoa mahari. Kamanda wake amesema alipe dola 850 za kibali cha likizo, yeye kadi yake imefungwa kwa usalama. Nimeshatuma dola 200 kwa kuanzia, kwa namba ya simu ya hapa nchini aliyonipa. — Anayependa, Sinza

Mdogo wangu, huyo si askari, si daktari, na sina hakika kama ni mwanamume.

Askari hanunui likizo. Likizo inapangwa na kikosi, inaandikwa kwenye karatasi, inatolewa au inakataliwa, hela ya mchumba haiingii popote. Umoja wa Mataifa hautozi mtu ada ya kibali, wala kamanda hamwandikii mwanamke wa Sinza barua pepe. Na hebu fungua tena ujumbe wa muamala wako: jina lililotokea ulipotuma zile 200 ni la nani? Daktari wa Marekani anapokeaje fedha kwa laini ya hapa kwetu, kwa jina la Mtanzania mwenzetu?

Usimwandikie kumuaga wala kumtukana, atakurudisha kwa machozi. Wanayo ya kutosha. Usifute kitu. Namba ya hapa nchini uliyoitumia hela iripoti 15040 leo, kisha chukua meseji, picha zake na muamala uende kituo cha polisi, uwaambie ni makosa ya mtandao, sheria yake ipo tangu 2015. Nenda na dada yako au rafiki, usiende peke yako. Na kama ana namba yako ya siri ya simu benki, ibadilishe kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu.